Mkono wa Nani?

Mkono, katika Kiswahili, ni zaidi ya kiungo cha mwili. Sikukuu ikifika, watoto hupita nyumba kwa nyumba wakipokea mkono wa Idi. Mtu akifiwa, jirani huenda kumpa mkono wa pole. Msafiri huagwa kwa mkono wa buriani. Bahili huitwa mkono wa birika, na mpishi ambaye pilau yake haina mfano husifiwa kwamba ana mkono. Katika semi zote hizo mkono una mwenyewe. Hakuna mkono wa Idi usio na mtoaji, wala mkono wa pole ulioletwa na asiyejulikana. Ndiyo maana maneno "kazi ya mkono" yanapobandikwa juu ya kitu kinachouzwa, sikio la Mswahili lina haki ya kuuliza swali moja fupi: mkono wa nani?

Swali hilo limepata uzito mpya katika zama hizi za michango ya intaneti, na ni nadra kukwepwa kwa ustadi kama linavyokwepwa katika biashara ndogo, yenye kupendeza macho, ya pini za enameli. Pini hizo ni beji za madini, aghalabu zenye upana wa sentimita tatu au nne, zilizojazwa rangi za kung'aa, ambazo vijana wa Marekani, Uingereza na kwingineko huzichomeka kwenye kola, kofia au mkoba. Enameli yenyewe si ngeni pwani. Kila aliyekula biriani katika sinia la bati, lile jeupe lenye ukingo wa buluu, amekwisha kuigusa. Kilicho kigeni ni namna pini hizi zinavyotafutiwa mtaji, na lugha inayotumika kuutafuta.

Utaratibu wake ni huu. Msanii huchora picha: paka aliyelala juu ya mwezi mwandamo, ua, mhusika wa hadithi, hata neno moja la mshairi ampendaye. Kisha hufungua changizo. Jukwaa lijulikanalo zaidi kwa kazi hiyo ni Kickstarter, lililozinduliwa New York tarehe 28 Aprili 2009. Mwenye changizo hutaja kiasi anachohitaji na siku ya mwisho, isiyozidi siku 60 tangu kuanza. Umma huahidi fedha. Lengo lisipotimia, hakuna anayetozwa hata senti moja. Likitimia, jukwaa huchukua asilimia 5, wasimamizi wa malipo huchukua ada yao, na kinachobaki humfikia msanii. Kila aliyechangia huahidiwa zawadi kwa kadiri ya alichotoa, na pini imekuwa zawadi yenye kupendwa kwa sababu zilizo wazi: ni ndogo, ni nyepesi, haivunjiki njiani, na hutoshea ndani ya bahasha. Januari 2017 Kickstarter ilitoa mwito ulioitwa Make 100, wa kuwahimiza wasanii watoe kazi zisizozidi nakala mia moja. Kazi chache, mkono mmoja, mchangiaji anayejulikana kwa jina: picha hiyo ni nzuri mno.

Wapo waungwana wanaoikejeli picha nzima. Husema kwamba mwenye changizo ni ombaomba aliyejifunza kompyuta, na kwamba msanii wa kweli hufanya kazi kwanza, akauza baadaye. Kauli hiyo haina mashiko, na mtu wa pwani ndiye asiyepaswa kabisa kuitamka. Huku watu huchangiana harusi na maziko, hucheza upatu, na taarab ikikolea mtu huinuka kitini, noti mkononi, akaenda kumtunza mwimbaji mbele ya kadamnasi. Mcheza kwao hutunzwa. Diwani ngapi za mashairi zingebaki katika madaftari lau si wapenzi waliotoa cha mfukoni kabla ya kuona hata ukurasa mmoja uliochapwa? Kuchanga si aibu, na kuomba mchango si aibu. Aibu huingia pale mwombaji anapomwambia mtoaji jambo lisilo kweli.

Hata huko ng'ambo jambo hili halikuanza na intaneti. Mwaka 1885 Sanamu ya Uhuru ilikuwa tayari, zawadi kutoka Ufaransa, lakini New York haikuwa na fedha za kumalizia kitako cha kuisimamishia. Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la The World, aliwaomba wasomaji wake wachange, akaahidi kuchapisha jina la kila mtoaji, hata awe ametoa kidogo namna gani. Katika muda wa miezi mitano zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, na wengi wao walitoa chini ya dola moja. Majina yalichapishwa kama ilivyoahidiwa. Kamati iliyosimamia ujenzi nayo iliuza visanamu vidogo ili kuongeza mfuko. Fundi wa sanamu, Auguste Bartholdi, alijulikana, mjenzi wa kiunzi cha ndani, Gustave Eiffel, alijulikana, waliochanga walijulikana. Hakuna aliyedanganywa kuhusu mkono uliofanya kazi.

Mfano wa kinyume chake unawahusu washairi moja kwa moja, na wafasiri hasa. Alexander Pope, Mwingereza aliyezuiwa na dini yake kusoma chuo kikuu na ambaye kwa sehemu kubwa alijielimisha mwenyewe, aliifasiri Iliad ya Homer kati ya mwaka 1715 na 1720. Kazi hiyo ilitoka kwa juzuu sita, na iligharimiwa na watu waliojiandikisha na kulipia gini moja kwa kila juzuu. Walikuwa 575, na majina yao yalichapishwa kitabuni. Changizo lilikuwa safi: mshairi aliahidi kazi yake, akaifanya, akaitoa. Likampatia mali na uhuru wa kuandika ambao washairi wachache wa zama zake waliupata.

Kisha ikaja Odyssey. Safari hii Pope alikuwa amechoka. Aliwachukua wenzake wawili, William Broome na Elijah Fenton, wakagawana sehemu 24 za utenzi ule: Broome alifasiri nane, Fenton nne, naye Pope kumi na mbili. Nusu kwa nusu. Hakuna ubaya katika kufanya kazi kwa ushirika, na tafsiri nyingi njema zimefanywa hivyo. Ubaya ulikuwa katika kulificha hilo. Waliojiandikisha mwaka 1725 waliamini kwamba wananunua mkono wa Pope. Hata pale ilipobidi wasaidizi watajwe, maelezo yaliyochapishwa mwishoni mwa kazi kwa jina la Broome yalidai kwamba wawili hao walifanya sehemu tano tu. Tano, ilhali zilikuwa kumi na mbili! Ukweli ulipojulikana, maadui wa Pope walipata silaha ambayo yeye mwenyewe aliifua.

Jambo la kuzingatia ni hili: Samuel Johnson, alipoandika maisha ya Pope miongo kadhaa baadaye, alikiri kwamba wasomaji hawakuweza kutofautisha sehemu za wasaidizi na zile za Pope. Kazi haikuwa mbovu. Hakuna aliyepewa beti hafifu. Hata hivyo doa lilibaki, kwani waliolipa walinunua vitu viwili kwa wakati mmoja, yaani tafsiri na neno la mfasiri. Cha kwanza walikipata. Cha pili kilikuwa na kasoro.

Kwa mizani hiyo hiyo zitazamwe sasa pini za enameli. Mtu asomaye kwamba pini imefanywa kwa mkono humwona akilini mwake yule msanii aliyechora, ameinamia meza yake usiku, brashi mkononi, akitia rangi moja baada ya nyingine. Picha zinazowekwa katika ukurasa wa changizo humsaidia kuona hivyo: penseli, kikombe cha chai, vidole vyenye wino. Lakini pini nyingi hazizaliwi mezani hapo. Mchoro hutumwa kiwandani, aghalabu China, katika mkoa wa Guangdong. Huko hukatwa chapa ya chuma kigumu, na chapa ile hugongwa juu ya bamba la chuma au shaba nyeupe kwa mashine yenye uzito mkubwa, mpaka mistari ya mchoro isimame kama kuta ndogo na nafasi za rangi zibonyee kama visima. Pini hukatwa, huchomelewa msumari wake mgongoni, huchovywa katika maji ya dhahabu, fedha au nikeli nyeusi. Ndipo rangi hutiwa.

Na hapo ndipo penye kinaya. Rangi hutiwa kwa mkono kweli. Mfanyakazi hukaa na bomba lenye ncha nyembamba kama ya sindano, akajaza kisima kimoja baada ya kingine, rangi moja kwa wakati mmoja, pasipo kumwaga tone nje ya ukuta. Pini huokwa, na ile iitwayo enameli ngumu husuguliwa mpaka rangi na madini viwe sawasawa kama kioo cha meza. Kwa hiyo asemaye kwamba pini yake ni kazi ya mkono huenda hajasema uongo wa moja kwa moja. Amesema kweli, kisha akaiazima kweli hiyo kutoka kwa mtu ambaye jina lake, mji wake wala ujira wake havikutajwa popote. Mkono uliosifiwa ni wa mmoja, na mkono uliofanya kazi ni wa mwingine.

Mtetezi wa desturi hiyo hunong'ona kwamba kuitaja China kutawafukuza wachangiaji. Udhuru huo ni mbaya kuliko kosa lenyewe. China ni mojawapo ya makao makuu ya ufundi huu duniani. Vyombo vya shaba vilivyonakshiwa enameli huitwa huko jingtailan, jina lililotokana na zama za mfalme Jingtai wa nasaba ya Ming, katikati ya karne ya 15, na hadi leo hutazamwa kwa mshangao katika majumba ya makumbusho. Vipi basi mafundi wa nchi yenye urithi kama huo wawe siri ya kufichwa? Msanii anayeona haya kumtaja fundi wake anamfanya fundi huyo kuwa kitu cha kuonewa haya. Ametumia jicho lake, subira yake na uthabiti wa vidole vyake, kisha akamfungia mlango wakati wa kupokea sifa.

Upo pia mkono wa tatu unaodhulumiwa, nao ni wa yule anayefanya kila kitu mwenyewe. Enameli ya asili ni kioo kilichosagwa mpaka kikawa unga, kikanyunyizwa juu ya shaba, fedha au dhahabu, kikaingizwa katika tanuri ya nyuzi zipatazo 800 za Selsiasi mpaka kiyeyuke na kushikamana na madini. Kila rangi huweza kudai moto wake. Dakika moja ikizidi, kazi ya siku imeungua. Rangi ya pini nyingi za viwandani, hata zile ziitwazo ngumu, ni ya resini, na haijapata kuuona moto wa namna hiyo. Wapo wasanii, Ulaya, Marekani na Asia, wanaoendelea na njia ya tanuri, nao hutoa pini chache kwa wiki. Bei yao lazima iwe juu. Lakini watajieleza kwa neno gani, ikiwa neno pekee walilokuwa nalo limekwisha kuchukuliwa na kila mtu? Mchangiaji huziona pini mbili, zote "za mkono", moja ya dola 12 na moja ya dola 60, akamdhania mkweli kuwa mlanguzi. Neno likishatumiwa ovyo, wa kwanza kunyamazishwa ni mwenye haki nalo.

Wafanyabiashara wenyewe wameuona mkanganyiko huo, ingawa kwa kuchelewa. Etsy, soko la intaneti lililoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya kazi za mikono, lilibadili kanuni zake Oktoba 2013 na kuwaruhusu wauzaji kutumia viwanda vya nje, kwa sharti la kuvitaja. Manung'uniko yalikuwa mengi. Mwaka 2024 soko hilo lilianza kubandika alama zinazotenganisha kitu kilichotengenezwa na muuzaji na kitu kilichobuniwa naye tu. Yaani ilichukua zaidi ya muongo mzima kukiri jambo ambalo fundi seremala wa Lamu angelisema papo hapo: kuchora mlango ni kazi moja, na kuuchonga ni kazi nyingine. Zote mbili zina heshima yake. Hakuna haja ya moja kuvaa kanzu ya mwenziwe.

Msomaji aweza kusema kwamba yote haya ni mzigo mkubwa mno kutwikwa kijipini cha dola 12. Nani aliyeumia? Mchangiaji amepata paka wake juu ya mwezi, na msanii amepata kodi ya nyumba. Hoja hiyo ina utamu, lakini haisimami. Mnunuzi wa dukani hushika kitu, akakigeuza, akakilipia au akakiacha. Mchangiaji hana nafasi hiyo. Hutoa fedha kwa kitu ambacho bado hakipo, akitegemea maneno matupu. Waanzilishi wa Kickstarter wenyewe waliandika mwaka 2012 kwamba jukwaa lao si duka. Na maneno hayo huweza kuvunjika: utafiti wa Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliotolewa mwaka 2015, ulikadiria kwamba asilimia 9 ya miradi iliyofikia lengo haikuzitoa zawadi ilizoahidi. Pale ambapo bidhaa haipo, neno ndiyo bidhaa. Anayelichakachua neno amechakachua kitu pekee alichokuwa nacho cha kuuza.

Kinachostaajabisha ni kwamba ukweli haugharimu chochote. Na uchukuliwe mfano wa hesabu. Watu 200 wametoa dola 12 kila mmoja, jumla dola 2,400. Jukwaa likichukua asilimia 5, zimeondoka 120. Ada ya malipo, tuseme asilimia 3 na senti 20 kwa kila mchango, ni 112. Zimebaki 2,168. Chapa ikigharimu dola 80 na kila pini dola 2, kiwanda kimepata 480. Bahasha na kadi kwa nusu dola ni 100. Posta kwa dola 4 ni 800. Msanii amebakiwa na dola 788, kabla ya kodi, kabla ya pini zenye dosari, kabla ya bahasha zilizopotea, na kabla ya kuhesabu majuma ya kuchora, kujibu barua na kubandika stempu. Nani mwenye moyo atakayemwonea kijicho kwa fedha hizo? Hesabu hiyo ikiwekwa wazi, ni utetezi wake bora kuliko picha kumi za penseli na kikombe cha chai.

Basi anayetaka kufungua changizo la namna hii, na aseme mambo manne kabla ya kupokea senti ya kwanza. Aseme nani alichora. Aseme nani alitengeneza na wapi, na kama ni kiwanda, akitaje. Na kama amejua lolote kuhusu hali ya wafanyakazi wake, aseme, na kama hakuuliza, aulize. Aseme fedha zitakwenda wapi. Aseme lini kazi itamfikia mchangiaji, na atafanya nini ikiwa haitafika, kwani ahadi ni deni, na deni la watu 200 ni zito kuliko la mtu mmoja. Kila pini husafiri imechomekwa juu ya kadi ndogo. Kadi hiyo ina nafasi tele. Mstari mmoja wa kumtaja mchoraji na mstari mmoja wa kumtaja fundi hauongezi hata gramu moja katika posta.

Desturi hiyo ina mizizi katika fasihi ya pwani. Mwengo wa Athumani alipoutunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728 kwa ombi la sultani, habari za mtunzi na za aliyeitaka kazi zilihifadhiwa pamoja na kazi. Watunzi wengi wa tendi waliacha majina yao na mwaka wa kutunga katika beti za mwisho. Tena si watunzi peke yao. Mnakili, yule aliyekaa na kalamu ya tete akiuhamisha utendi wa mwingine kutoka karatasi kuukuu hadi karatasi mpya, naye aliweza kuweka jina lake chini, akaomba dua ya msomaji. Hakujidai kuwa mtunzi. Mtunzi hakumwonea haya mnakili. Wawili hao walikaa katika ukurasa mmoja, kila mmoja kwa cheo chake, na ni kwa kukaa hivyo kwamba mashairi ya karne tatu yamefika yakiwa na wenyewe. Mchora pini ni mtunzi. Anayejaza rangi ni mnakili. Kuna ugumu gani kuwapa ukurasa mmoja?

Jambo hili haliko mbali na visiwa kama linavyodhaniwa. Hadi mwaka 2024 hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyokuwa katika orodha ya nchi ambazo wakazi wake wanaruhusiwa kufungua changizo Kickstarter. Lakini mchango wa simu umeenea tangu M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwaka 2007, na M-Changa, jukwaa la michango lililoanzishwa Nairobi mwaka 2012, limeonesha kwamba harambee ya zamani huweza kupita katika simu bila kupoteza maana yake. Kijana wa Mkunazini au wa Langoni mwenye mkono wa kuchora hahitaji tena kumsubiri mfadhili wa ng'ambo. Siku moja atachora mlango wa nakshi, au jahazi, au kisutu, naye atatafuta watu mia mbili wa kumuunga mkono. Na afanye hivyo. Watu wamuunge mkono.

Lakini kijana huyo atakutana na kishawishi kile kile, tena kikubwa zaidi, kwa sababu mgeni hupenda kununua "kazi ya mkono ya Mswahili" pasipo kuuliza zaidi. Ataweza kuutuma mchoro wake Guangdong, pini zikarudi katika kifurushi, zikauzwa Shangani kana kwamba zimetoka kwa sonara wa mtaa wa pili. Na sonara huyo yupo. Kwa vizazi vingi masonara wa Lamu na Unguja wamefua vikuku, herini na vipini vya pua, na bibi harusi aliyevaa kipini alijua kimetoka duka gani na kwa fundi gani. Kipini kikilegea, alirudishiwa mwenyewe akikaze. Huyo ndiye mkono wa kwanza utakaodhulumiwa pini ya kigeni ikijivika jina lake. Kijana akitaka kazi ya kiwanda, aseme ni ya kiwanda. Pini haitapungua uzuri. Akitaka kazi ya mkono wa kwao, mlango wa sonara uko wazi, na bei itakuwa ya sonara.

Sarufi yenyewe ya Kiswahili inamsuta anayeficha. Mtu akisema "imetengenezwa", kitenzi kimekaa kauli ya kutendwa, nacho bado kinasubiri neno moja dogo: na. Imetengenezwa na nani? Wapo wanaoifunga sentensi hapo kwa nukta wakadhani wameokoka. Msomaji wa ushairi, aliyezoea kuhesabu mizani na kutambua ubeti uliopungukiwa na silabi moja, hana udhuru wa kutoiona nafasi hiyo tupu. Changizo lolote likimfikia, la pini, la diwani au la msikiti, na aisome sentensi mpaka mwisho. Akikuta jina baada ya "na", atoe alichonacho kwa moyo mkunjufu. Asipolikuta, aufumbe mkono wake na aulize kwanza.